Picha za mtaani Dar es Salaam wakati wa joto: anza na kivuli

Kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, kaskazi ikiwa inavuma na joto la mchana likicheza kwenye nyuzi 31 hadi 33, wapiga picha wengi wa Dar hufunga kamera saa 4 asubuhi na kuitoa tena jioni. Sababu wanazotoa zinafahamika: jua kali, sura zinatoka nyeusi, macho hayaonekani, kanzu zinaungua, yaani zinatoka weupe mtupu bila mikunjo. Yote hayo ni kweli kwa anayepiga picha juani. Lakini saa hizo watu wenyewe hawako juani. Fundi viatu yuko chini ya mwarobaini, mama lishe yuko chini ya turubai, wazee wa bao wako barazani, machinga amejibana kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ghorofa. Jiji zima limehamia kivulini, na mpiga picha za mtaani anapaswa kulifuata huko. Kivuli cha Dar kina mwanga mzuri kuliko jua lake, mradi ujue unaingia kutoka wapi, una rangi gani na unaidanganya vipi kamera yako.

Ratiba ya jua

Dar iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 11 Oktoba na karibu na tarehe 3 Machi. Kati ya tarehe hizo, yaani karibu msimu wote wa joto, jua la mchana linakuwa upande wa kusini na vivuli vya mchana vinaangukia kaskazini. Wengi hawalitilii maanani jambo hili, na linaamua usimame upande gani wa mtaa. Jengo lenye urefu wa mita 10, yaani ghorofa tatu hivi, tarehe 21 Desemba mchana linatoa kivuli cha mita 3 upande wake wa kaskazini. Mwisho wa Januari kivuli hicho kimebaki mita 2. Machi ikianza, hakipo kabisa, na watu wote wanabanwa chini ya miavuli, maturubai na miti.

Jingine ni kwamba mchana wa Dar hauangukii saa 6 kamili. Saa zetu zinafuata majira ya nyuzi 45 mashariki na jiji liko kwenye nyuzi 39, kwa hiyo Februari jua linafika kileleni kama saa 6 na dakika 37. Ukitaka kupanga siku yako, hesabu kutoka hapo, nenda nyuma au mbele.

Mwanzoni mwa Februari jua linachomoza kama saa 12 na dakika 25 asubuhi na kuzama kama saa 12 na dakika 49 jioni. Saa 2 asubuhi kivuli cha mtu ni mara mbili na nusu ya urefu wake. Saa 3 na nusu kinalingana na urefu wake. Hapo ndipo ninapoweka mpaka: kivuli kikiwa kirefu kuliko mtu, mwanga bado unaingia chini ya paji la uso na macho yanaonekana, hivyo unaweza kupiga juani. Kikiwa kifupi kuliko mtu, mwanga umepanda, mashimo ya macho yamejaa giza, na aliyevaa kofia amepoteza uso mzima. Jioni mpaka huo unarudi kama saa 9 na dakika 45. Hakuna haja ya programu ya simu kukumbusha haya. Angalia miguuni mwa watu.

Kwa sababu jua letu linashuka karibu wima, mwanga wa dhahabu wa jioni haudumu. Una takriban saa moja ya mwanga wa ubavuni, halafu dakika kama 22 za mwangaza wa magharibi, kisha giza. Wanaosoma mafunzo ya Ulaya hutarajia jioni ndefu na hufika wakiwa wamechelewa. Saa 11 na nusu uwe umeshafika unapotaka kupiga, umeshasalimia, umeshajua nani anafanya nini.

Ukingo wa kivuli

Katikati ya kivuli kizito, kwa mfano ndani kabisa ya duka la Kariakoo, mwanga ni mdogo na hauna mwelekeo. Sura inakuwa bapa. Ukingoni, hatua moja au mbili kutoka pale jua linapoishia, mambo ni tofauti: sakafu ya saruji au lami iliyopigwa na jua inarudisha mwanga mpana, unaomfikia mtu kutoka mbele na chini kidogo. Ngozi inapata mng'ao, macho yanapata nukta ya mwanga, na nyuma ya mtu kuna giza linalomtenga na vurugu za mtaa. Mwanga huo ni bora kuliko taa nyingi za studio, na mama lishe hukaa ndani yake siku nzima kwa sababu anahitaji kivuli na wakati huohuo anahitaji kuonekana na wateja.

Kwa hiyo usimfuate mtu. Tafuta ukingo mzuri na usimame hapo. Angalia vitu vitatu: ardhi iliyo mbele ya kivuli ni nyeupe au nyeusi (saruji na mchanga wa Coco Beach vinarudisha mwanga mwingi, lami mpya inarudisha kidogo), kuna ukuta ng'ambo ya mtaa unaopigwa na jua, na nyuma ya mtu kuna nini. Ukuta mweupe unaopigwa na jua, mita tano au sita kutoka kwenye baraza, unatosha kumulika baraza nzima. Mchana wa Desemba na Januari, ukuta unaopigwa na jua ni ule unaotazama kusini, hivyo ng'ambo yake, upande wa kusini wa mtaa, ndipo penye kivuli na penye mwanga mzuri wa kurudishwa. Mitaa ya Kariakoo imepangwa kwa mistari lakini mistari yenyewe imekaa mshazari, kwa hiyo fungua dira ya simu mara moja, ujue kila mtaa unaelekea wapi, basi.

Posta kuna neema nyingine. Maghorofa ya vioo yanarusha madoa ya mwanga kwenye mitaa iliyo kivulini, na doa moja kama hilo kwenye njia ya waenda kwa miguu linatosha kwa picha ya maana: unapima mwanga kwenye doa, unaacha kila kitu kingine kizame gizani, unasubiri mtu aingie. Usichelewe, maana doa halikai. Baada ya robo saa limeshasogea au limekatika.

Rangi ya turubai

Hili linaharibu picha nyingi za sokoni kuliko kosa lingine lolote, na halizungumzwi vya kutosha. Jua likipita kwenye turubai la bluu, kila kilicho chini yake kinapata bluu: mchele, nyanya, na kibaya zaidi, uso. Ngozi ya kahawia ikimulikwa na bluu inageuka kijivu, kama ya mgonjwa. Mwavuli mwekundu wa kampuni ya simu au ya soda unafanya kinyume, unapaka uso wekundu unaofanana na homa. Turubai la kijani ndilo baya kuliko yote.

Waiti balansi ya kamera, yaani mpangilio wa kusahihisha rangi ya mwanga, haitakuokoa hapo, kwa sababu mwanga uliopo ni wa aina mbili. Juu ya kichwa na mabega kuna bluu ya turubai. Shavuni na mkononi kuna mwanga mweupe unaotoka mtaani. Ukisahihisha bluu, shavu linakuwa la machungwa. Ukisahihisha shavu, nywele zinabaki bluu. Baadaye kwenye kompyuta unaweza kupaka brashi sehemu moja moja, lakini ni kazi ya nusu saa kwa picha moja, na mara nyingi inaonekana.

Ujanja ni kupanga kabla ya kupiga. Kwanza, msogelee mtu anapokuwa ukingoni, ambako mwanga mweupe wa mtaa unashinda ule wa turubai. Pili, chagua banda lenye turubai la kijivu au la fedha, bati, makuti au gunia jeupe. Gunia jeupe la sandarusi linachuja jua vizuri mno na halina rangi. Tatu, kama bluu imejaa kila mahali na picha bado inakuvutia, ikubali: weka waiti balansi kwenye jua, nyuzi 5200 hadi 5500 za Kelvin, acha bluu iwe bluu na mpe mtu sababu ya kuwa ndani yake. Au geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Kwangu hii ya mwisho si kushindwa. Picha nyingi nzuri za chini ya maturubai ya Mchikichini zinafaa hivyo kwa sababu umbo la mwanga ni zuri hata rangi ikiwa imechafuka.

Kupima mwanga kwa ajili ya ngozi yetu

Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinadhani wastani wa kila kitu ni kijivu cha kati, na kinaongeza au kupunguza mwanga mpaka kitu hicho kiwe kijivu. Kikiona kanzu nyeupe na ukuta mweupe kinapunguza, na uso wa mtu unazama. Kikiona giza la duka kinaongeza, na uso unapauka. Enzi za filamu tatizo lilikuwa kubwa zaidi: Kodak walizipa maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na rangi zote zikalinganishwa na ngozi yake. Kamera za dijitali zimepiga hatua, lakini uamuzi wa uso uwe na mwanga kiasi gani bado ni wako.

Ninavyopima mimi ni hivi. Weka kipimo kwenye doa (spot), kisome sehemu ndogo tu ya picha, ukielekeze kwenye shavu lililo upande wa mwanga, usome. Kwa ngozi nyeusi sana punguza stopu moja hadi moja na theluthi, kwa sababu kamera imekupa usomaji wa kuifanya ngozi hiyo kijivu cha kati, nayo si kijivu cha kati. Kwa ngozi ya maji ya kunde punguza nusu stopu au acha ilivyo. Stopu moja ni mwanga nusu au mara mbili. Ukishapata, funga mpangilio huo wa mwanga kwa mkono (manual) na usiguse tena mpaka utoke kwenye banda hilo. Mwanga wa kivuli haubadiliki kila sekunde, wanaobadilika ni watu wanaopita nyuma.

Kama huna muda wa kipimo cha doa, tumia kipimo cha jumla na kitufe cha +/-. Mtu akiwa kivulini na nyuma yake kuna mtaa unaowaka jua: +1, wakati mwingine +1.3. Mtu akiwa ukingoni na nyuma yake kuna giza la duka: -1. Namba hizi mbili zikikaa kichwani, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Mtaani juani huhitaji kipimo kabisa. ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga) 400, apecha (tundu la lenzi) f/8, shata (muda wa kupiga, kwa sekunde) 1/1600, na utakuwa umepatia jua lolote la saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri lisilo na wingu. Ukiingia kivuli cha wazi, mwanga unashuka karibu stopu tatu: shata 1/200 kwa ISO ileile. Lakini 1/200 ni ndogo kwa mtu anayetembea au mkono wa muuza miwa unaozungusha mashine, hivyo panda hadi ISO 1600 na shata 1/800. Usiogope chembechembe za ISO 1600. Mkono uliotikisika hausahihishiki. Chembechembe hazimsumbui mtu.

Kuna swali la nini kiachwe kiungue. Tofauti ya mwanga kati ya jua na chini ya turubai ni stopu tatu hadi nne. Kati ya jua na ndani ya duka inaweza kufika sita au saba, na hapo hakuna kamera inayoshika vyote kwa raha. Mimi naacha lami na ukuta wa nyuma viungue. Kanzu, shuka na unga siachi, maana mikunjo ya kitambaa na punje za unga ndivyo vinavyoeleza kazi ya mtu. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera. Faili la RAW linakuruhusu kuinua sehemu za giza kama stopu mbili bila kuharibika, wakati JPEG huanza kutoa mabaka mapema.

Jasho nalo lina nafasi yake. Kwenye ngozi nyeusi, umbo la uso linaonekana zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Jua la utosini linatoa doa jeupe gumu kwenye paji na ncha ya pua. Mwanga wa ukingoni unatoa mng'ao mpana na laini kwenye shavu zima, na jasho linauongezea. Ndiyo sababu sishauri kichujio cha polaraiza kwa picha za watu: kinakula stopu moja hadi mbili na kinafuta ule mng'ao, uso unabaki mkavu kama karatasi.

Fokasi bila kutafuta fokasi

Kwenye msongamano wa Mtaa wa Kongo, otofokasi inarukia kofia ya anayepita mbele. Njia ya zamani bado ndiyo ya uhakika: weka fokasi kwa mkono kwenye umbali uliouchagua, kisha subiri watu waingie kwenye ukanda huo. Kwa lenzi ya milimita 28 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame; sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga), f/8, fokasi mita 2, kila kitu kati ya mita 1.25 na takriban mita 5 kitakuwa kikali. Kwa milimita 35, f/8, fokasi mita 2.5, ukanda ni kuanzia mita 1.7 hadi karibu mita 5. Kwenye kamera za sensa ndogo zaidi, ya APS-C, milimita 18 kwa f/8 na fokasi mita 2 inakupa kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho. Mita 2 jifunze kwa mwili wako: ni hatua mbili na nusu hadi tatu za kawaida. Kipande kidogo cha tepu ya karatasi kwenye pete ya fokasi inazuia isisogee unapobeba kamera kwapani.

Kwa simu, bonyeza na ushikilie mahali penye uso mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Zima HDR ukiweza pale watu wanapokuwa kwenye mwendo, kwa sababu simu inaunganisha picha kadhaa na mpita njia anatoka na mikono mitatu. Na ufute lenzi kila baada ya dakika chache. Simu inatoka mfukoni ikiwa na jasho na mafuta ya vidole, na ukungu ule mweupe unaouona kwenye picha za mchana mara nyingi si jua, ni uchafu wa lenzi.

Jioni kwenye vibanda vya chipsi na mishikaki, angalia taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukitumia shata ya kielektroniki yenye kasi kubwa utapata mistari ya giza inayokata picha. Rudi kwenye shata ya kawaida na 1/100 au 1/50. Taa za sola zinazotumia betri moja kwa moja kwa kawaida hazina shida hiyo.

Joto, unyevu na chumvi

Kamera nyingi zimeandikiwa kufanya kazi hadi nyuzi 40, na Apple wanaiwekea iPhone kikomo cha nyuzi 35 za hewa inayoizunguka. Dar kivulini bado uko salama. Juani, kamera nyeusi ikiwa begani, mwili wake unapita hapo haraka, na simu inaanza kupunguza mwanga wa kioo, kisha kamera yake inakataa kufunguka. Ibebe ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi cha rangi nyeupe. Ikishapata moto, iweke kivulini penye upepo, zima data na ukae nayo dakika kumi. Usiipeleke kwenye friji wala kuiweka juu ya chupa ya maji baridi, kwa sababu ya jambo linalofuata.

Hewa ya Dar msimu huu imejaa maji kiasi kwamba umande huanza kushika kwenye kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 24 au 25. Gari lenye kiyoyozi liko nyuzi 20. Ukishuka tu, kioo cha lenzi kinafunga ukungu, na kinachotisha si ule wa nje unaofutika bali ule unaoingia ndani kwenye sensa na kati ya vioo. Kabla ya kutoka kwenye baridi, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, utoe hewa ya ziada, uiache ifikie joto la nje ikiwa bado imefungwa, dakika 20 hadi 30. Umande utashika juu ya mfuko. Njia rahisi zaidi ni kuweka kiyoyozi nyuzi 26, au kuweka kamera kwenye buti tangu mwanzo wa safari. Usibadilishe lenzi kabla kamera haijazoea joto.

Unyevu huohuo ndio unaoleta fangasi ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazokula dawa iliyopakwa kwenye kioo. Fangasi hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu wa zaidi ya asilimia 60, na begi la ngozi lililofungwa kabatini linavitoa vyote vitatu. Weka vifaa kwenye kontena la plastiki lenye mpira wa kuziba, ndani yake silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Silika jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili, itarudi. Mchele usiutumie, una vumbi.

Feri, kwenye soko la samaki, na Coco Beach pana chumvi hewani hata kama bahari imetulia. Ukitoka huko, puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mpira, kisha futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Kufuta chumvi na mchanga kwa kitambaa kikavu ni kukwaruza kioo kwa mkono wako mwenyewe.

Watu

Kazi yote hii haina maana kama unamwibia mtu sura yake. Kwa mtu anayefanya kazi sehemu moja, fundi cherehani, muuza kahawa, mama lishe, mimi siamini katika kupiga na kukimbia. Salamu kwanza, kamera ikiwa chini. Kama ni mtu mzima, shikamoo. "Shikamoo mama, za biashara? Naomba nikupige picha ukiwa unaendelea na kazi." Ataulizia, "Za nini?" na unapaswa kuwa na jibu la kweli la sentensi moja: napiga picha za watu wa kazi hapa mjini, nitaziweka mtandaoni, na wewe nitakutumia WhatsApp. Ukisitasita hapo, umeshapoteza. Akikubali, agiza chai au chapati, kaa, mpe dakika kumi asahau kamera. Picha tano za kwanza atakuwa amesimama wima na kuacha kazi; piga kwa heshima, mwonyeshe, halafu arudi kwenye sufuria yake. Hapo ndipo picha zinapoanza.

Akikataa, "Haya mama, ahsante, biashara njema," na uondoke kweli, usirudi kuiba kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara. Kukataa kwa machinga kuna sababu ya maana sana: anaweza kuwa amepanga bidhaa mahali asiporuhusiwa, na picha yenye sura yake, meza yake na jina la mtaa ni ushahidi dhidi yake. Kwa picha za namna hiyo usiandike mtaa, na zima GPS ya kamera kabla ya kupakia. Watoto, omba kwa mzazi au mlezi, siyo kwa mtoto. Wagonjwa, ajali na watu waliolala kwa uchovu njiani, acha.

Sokoni pita kwanza ofisi ya uongozi wa soko, mtaani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Inachukua robo saa na inakuondolea maswali ya siku nzima. Uwe mwangalifu hasa Feri: Ikulu ya Magogoni iko jirani kabisa na soko la samaki, na kivuko cha Kigamboni kiko hapohapo. Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari na uwanja wa ndege havipigwi picha, hata vikiwa nyuma tu ya mtu wako. Ukiwa Feri, geukia mnada na wakaangaji samaki, jengo la Ikulu liwe mgongoni mwako, na lenzi ndefu iache nyumbani.

Upande wa sheria, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Ukitaka kuuza picha kwa tangazo, pata ridhaa ya maandishi yenye jina, tarehe, matumizi na saini, kwa Kiswahili anachokisoma mwenyewe. Jirani zetu Kenya wanaonyesha mambo yanakoelekea: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kilabu kimoja cha starehe Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Ahadi ya kutuma picha itimize siku hiyohiyo. Tuma WhatsApp kama hati, siyo kama picha ya kawaida, ili isibanwe ubora. Lakini wengi, hasa wazee, wanataka karatasi. Safisha nakala ya sentimita 10 kwa 15, na kabla ya kuchapa ongeza mwanga wa uso kwa nusu stopu hivi, kwa kuwa mashine nyingi za mjini huchapa ngozi nyeusi ikiwa na giza kuliko ulivyoiona kwenye kioo. Chapa moja ya majaribio, itazame mlangoni mwa duka kwenye mwanga wa mchana, kisha uchape zilizobaki na uzipeleke mwenyewe, saa 4 asubuhi, kabla wateja wa chakula cha mchana hawajajaa.